Klabu ya wanaotaka kuwa madaktari wa meno: jinsi ya kuianzisha chuoni na kuifanya idumu

Klabu ya wanafunzi ni rahisi kuianzisha, na ni rahisi zaidi kuiacha ife. Marafiki wanne watano wanakutana, fulana zinachapishwa, picha za uzinduzi zinasambazwa kwenye WhatsApp, kisha waanzilishi wanamaliza masomo na jina la klabu linabaki ndani ya faili. Kwa vijana wanaotaka kuwa madaktari wa meno hasara ya jambo hilo ni kubwa, kwa sababu kwetu Pwani njia ya kazi hii ni ndefu, inaanza mapema, na wengi huijua wakati wameshaipita.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuanzisha klabu kama hiyo katika chuo kikuu cha hapa kwetu, kiwe Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au chengine, na kazi gani zitakazoifanya iwe na faida kwa wanachama na kwa mitaa yetu.

Tofauti yetu na Marekani

Maelezo mengi yaliyoko kwenye intaneti kuhusu klabu hizi yameandikwa kwa mwanafunzi wa Marekani. Kule mtu husoma kwanza shahada ya kawaida, mara nyingi kwa miaka minne, akafanya mtihani uitwao DAT, ndipo akaomba nafasi ya kusomea meno kwa miaka minne myengine. Klabu za huko hukusanya watu walio katikati ya safari hiyo, wakasaidiana kwa mtihani na maombi.

Kenya mambo ni tofauti. Shahada ya Upasuaji wa Meno, yaani BDS, huingiwa moja kwa moja kutoka sekondari kupitia KUCCPS. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiifundisha tangu 1974, na Chuo Kikuu cha Moi kinaifundisha Eldoret. Ni masomo ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, kisha leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Alama ya C+ ndiyo kima cha chini cha kuingia chuo kikuu, lakini nafasi za meno ni chache na wanaozipata ni wenye alama za juu kabisa, hasa katika biolojia na kemia.

Katika mtaala mpya uamuzi umerudi nyuma zaidi. Mwanafunzi huchagua mkondo kabla ya kuingia gredi ya 10, na anayetaka meno inambidi awe katika mkondo wa STEM. Mtoto wa miaka 14 au 15 anafanya uamuzi huo, na huenda hajawahi hata siku moja kuzungumza na daktari wa meno, ila siku aliyopelekwa kung'olewa jino.

Kwa hivyo klabu ya hapa kwetu ikikaa chuoni kungoja wanachama, itakuwa imechelewa. Lazima ielekee pande mbili: mbele, kwa wanafunzi wa chuo ambao bado wana njia ya kuifikia kazi hii, na nyuma, kwa watoto wa skuli ambao mlango kwao bado uko wazi.

Nani ajiunge

Wa kwanza ni wanafunzi wa biolojia, biokemia, uuguzi, afya ya jamii na masomo yaliyo karibu na hayo. Baadhi yao walikuwa na alama za kutosha lakini hawakuchagua kozi hiyo. Aliye mwaka wa kwanza aulize mapema kuhusu utaratibu wa KUCCPS wa kuhamia chuo au kozi nyengine, kwa sababu maombi hayo yana msimu wake na ukipita umepita.

Wa pili ni wenye diploma. KMTC hufundisha maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, ambao huzuia na kutibu baadhi ya maradhi ya meno, na mafundi wa maabara wanaotengeneza meno bandia. Hizi ni kazi kamili zenye heshima yake, na kwa kijana aliyekosa BDS huenda zikawa ndizo zinazomfaa. Baadhi ya vyuo pia hupokea wenye diploma au shahada inayohusiana. Masharti hutofautiana, basi yasomwe kutoka kwa chuo chenyewe na KMPDC, si kutoka kwa jirani.

Wa tatu ni wanafunzi wa Pwani ambao tayari wanasomea BDS Nairobi au Eldoret. Hao wapewe uanachama wa mbali. Wanaporudi nyumbani likizo, saa moja ya mazungumzo nao inafaa kuliko karatasi kumi za maelezo.

Hatua za kuisajili

1. Kusanyeni watu 10 hadi 15 walio tayari kufanya kazi. Majina 100 kwenye kundi la WhatsApp si klabu.

2. Nendeni kwa afisi ya mkuu wa wanafunzi mkaulize masharti ya kusajili klabu. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama, viongozi wa muda na mlezi ambaye ni mfanyakazi wa chuo.

3. Tafuteni walezi wawili. Mmoja ni mhadhiri, wa kufungua milango ya chuo. Wa pili ni daktari wa meno mwenye leseni. Chuo chenu kikiwa hakifundishi meno, huyu wa pili ndiye nguzo ya klabu. Kitengo cha meno cha Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita Makadara, ni pahala pazuri pa kuanza kuuliza. Chama cha Madaktari wa Meno cha Kenya pia kinaweza kuwaelekeza.

4. Andikeni katiba fupi. Iseme lengo, nani mwanachama, viongozi wanachaguliwa lini, pesa zinatiwa sahihi na nani, na mali ya klabu itakwenda wapi ikivunjika. Kurasa tatu zatosha.

5. Chagueni mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msimamizi wa ziara za skuli. Huyu wa mwisho husahaulika, na ndiye mwenye kazi nyingi.

Kazi ya kwanza: skuli na madrasa

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto wa Kenya na thuluthi moja ya watu wazima wana meno yaliyotoboka. Ni maradhi yanayozuilika, lakini mzazi wengi wetu tumemuona akingoja mpaka mtoto alie usiku.

Chagueni skuli moja na madrasa moja, mzitembelee kila muhula. Ni bora skuli moja mara tisa kuliko skuli tisa mara moja. Darasa la watoto 40 linahitaji wanafunzi watatu na nusu saa. Fundisheni mambo machache yanayobaki kichwani:

- Kusugua meno mara mbili kwa siku, na mara ya usiku isikose. Dawa ya meno iwe na fluoridi. Baada ya kusugua, mtoto ateme povu na asisuuze kwa maji mengi, ili fluoridi ibaki ifanye kazi.

- Mswaki wa mti ni mzuri na una heshima yake kwetu, na katika madrasa ndio mlango mwepesi wa kuanzia mazungumzo. Uchongwe upya mara kwa mara, na ufike magegoni, si meno ya mbele pekee.

- Tatizo la sukari si wingi tu, ni mara ngapi. Kila mtoto anapotia kitu kitamu mdomoni, vijidudu vilivyo ndani ya ukoga hutengeneza asidi inayolishambulia jino kwa muda wa nusu saa hivi. Anayemumunya mabuyu ya rangi kutoka asubuhi mpaka jioni anaumiza meno yake kuliko anayekula kipande cha halua baada ya chakula.

- Magego ya kwanza ya kudumu huota kwenye umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni ya kubadilishwa, wakayaacha yaoze. Hayabadiliki tena.

Kila ziara imalizike kwa dakika tano kuhusu kazi yenyewe: daktari wa meno anafanya nini, anasoma masomo gani, na gredi ya 9 inahusika vipi. Tarehe 20 Machi, ambayo ni Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, inafaa kwa ziara kubwa ya mwaka.

Kazi ya pili: kuiona kazi kwa macho

Panga na daktari mlezi ili wanachama wawili wawili wakae kliniki yake siku moja, wakitazama. Wengi hupenda jina la kazi kabla ya kuijua. Atakayeona saa sita za mgongo ulioinama, mate, damu na mgonjwa mwenye hofu, na bado akataka, huyo amepata jibu. Atakayebadilisha nia naye amepata jibu, tena bila kulipa karo.

Kazi ya tatu: kusoma karatasi kabla ya kulipa

Hapa klabu inaweza kuokoa familia nzima. Vijana waliokosa nafasi hapa huvutwa na mawakala wa vyuo vya nje. Kabla ya shilingi moja kutoka, klabu imsaidie mwanachama kuuliza KMPDC kama chuo hicho kinatambuliwa, na aliyesoma huko hutakiwa kufanya mtihani gani akirudi. Karibu nasi ipo MUHAS ya Dar es Salaam, na Makerere ya Kampala, zote zinafundisha udaktari wa meno. Jengeni faili moja yenye masharti ya kila chuo, karo, mkopo wa HELB, basari za kaunti na za NG-CDF, pamoja na tarehe za mwisho. Faili hiyo isasishwe kila mwaka.

Mipaka isiyovukwa

Mwanachama wa klabu si daktari. Haruhusiwi kung'oa, kuziba, kuchokoa wala kutoa dawa, hata akiombwa na mzee wa mtaa. Upimaji wowote wa meno ufanywe na mwenye leseni, na kambi ya matibabu ya bure isifanywe kabla ya kuzungumza na afisi ya afya ya kaunti. Mtoto mwenye maumivu apewe barua ya kwenda hospitali, na klabu iwe na orodha ya hospitali za kaunti zenye kitengo cha meno, siku zake na ada zake. Picha za watoto zisipigwe wala kurushwa mitandaoni bila idhini ya mzazi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na nyinyi pia.

Pesa

Anzeni kwa ada ndogo ambayo hata mwanafunzi anayelipiwa na basari ataimudu. Mfano wa taya unaweza kufinyangwa kwa udongo, na mabango yakachorwa kwa mkono, kwa Kiswahili. Miswaki na dawa ombeni kwa maduka ya dawa na wafanyabiashara wa mtaa. Pesa zikae kwenye akaunti ya klabu, zitolewe kwa sahihi mbili, na hesabu isomwe mbele ya wanachama kila muhula. Klabu nyingi huvunjika kwa shilingi elfu mbili zisizojulikana zilipo kuliko kwa umasikini.

Kukabidhiana

Kila kiongozi awe na msaidizi aliye nyuma yake kwa mwaka mmoja au miwili wa masomo. Mwaka wa mwisho mtu asiwe mwenyekiti, awe mshauri. Nambari za walimu wa skuli, barua, katiba na ile faili ya vyuo ziwekwe pahala pamoja ambapo viongozi wapya watazifikia bila kumtafuta mtu aliyekwisha kwenda zake.

Klabu ikifika mwaka wa nne, ikawa inaongozwa na watu ambao hawakuwa chuoni ilipoanzishwa, na katika skuli ile ile kuna mtoto aliyechagua STEM kwa sababu ya ziara zake, hapo waanzilishi wanaweza kusema wameanzisha kitu.