Haki ya Kutua Mzigo: Historia ya Mafunzo ya Watu Wazima Katika Nchi ya Nzega

Mji wa Nzega umekaa mahali ambapo barabara itokayo Singida hukutana na ile itokayo Tabora kabla ya kuelekea Shinyanga na Mwanza, na nchi inayouzunguka, tangu Ndala na Puge hata Itobo na Bukene, imezoea tangu zamani za misafara kuwaona wageni wenye ahadi wakipita, na kuwaona vijana wake wenyewe wakiondoka kuzifuata ahadi hizo. Kwa sababu hiyo watu wa nchi hii wana historia ndefu ya jambo ambalo leo hudhaniwa kuwa geni: mtu mzima, mwenye akili zake na jamaa zake, kujitia kwa hiari katika mafunzo magumu, akitumaini kwamba atatoka humo akiwa bora kuliko alivyoingia. Semina za kujiendeleza, ambazo siku hizi huwaita watu kwa mabango, kwa redio na kwa simu za mkononi, zikiwaahidi mali, ujasiri na maisha mapya katika muda wa siku mbili au tatu, si za kwanza kutoa ahadi ya namna hiyo. Anayetaka kuzijua hatari zake atapata mizani iliyo sawa akitazama jinsi wazee wa Unyamwezi, nchi ambayo Nzega imo ndani yake, walivyofunzwa, na akiuliza swali moja katika kila zama: je, aliyeingia aliweza kutoka?

Mafunzo ya kwanza yalikuwa safari ya pwani. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilipokuwa na thamani kubwa Unguja, Wanyamwezi walisifiwa kuwa wapagazi hodari katika njia iliyotoka Tabora, ikakata Ugogo, ikashukia Bagamoyo. Na Alfred Swann, Mwingereza aliyeingia nchi hizi mwaka 1882 katika utumishi wa misheni ya London, aliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa mpaka awe amechukua pembe hadi pwani na kurudi na nguo au nyaya za shaba. Safari, basi, ilikuwa shule na mtihani kwa pamoja. Kijana aliondoka wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, akajifunza njiani lugha ya Kiswahili, bei za bidhaa, adabu za ugenini, utani na Wazaramo, na subira ya njaa na kiu. Na aliporudi, elimu yake haikuhitaji kutangazwa na mtu, kwa sababu merikani na kaniki alizozileta zilionekana mabegani mwa mama yake na dada zake.

Inafaa msafara huo utazamwe kwa karibu. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye vazi jekundu na manyoya kichwani, akichukua bendera, na ngoma ikimfuata. Nyuma yao walikuja wachukuzi wa pembe, waliohesabiwa kuwa na heshima kuliko wenzao, ambao walifunga kengele katika ncha ya pembe ili mlio wake usikike katika mwendo wote. Kisha wakaja wachukuzi wa nguo na shanga, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70 begani. Kirangozi huyo hakuwa mtu wa kukaa kitako akawasimulia wengine habari za njia. Alikuwa mpagazi aliyeipita njia ile mara nyingi, akateuliwa na wenzake kwa kuwa walimjua, na kiu iliyowashika wao katika nyika ya Mgunda Mkali ilimshika na yeye. Fauka ya hayo, wapagazi walikuwa na nguvu moja ambayo matajiri wa misafara waliijua na kuihofu, nayo ni kutua mizigo. Posho ikipunguzwa, mwendo ukizidishwa kupita desturi, au mapatano yakivunjwa, mizigo ilishushwa chini, watu wakaketi, ikawa hapana Mwarabu wala Mzungu awezaye kuendelea mpaka shauri lisikilizwe. Na aliyeona kwamba safari ile si yake alitoroka usiku, akarudi kwao.

Siisifu safari ya pwani kwa kuuficha ubaya wake. Ndui na njaa ziliwaua wengi njiani, katika misafara ile ile walipita watumwa waliofungwa, na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, viliifanya njia kuwa mahali pa damu. Lakini kwa mpagazi aliyejiajiri mwenyewe, masharti yalijulikana kabla ya kuondoka: mshahara ulisemwa, posho ya nafaka ilipimwa kwa kibaba, na mwisho wa safari ulikuwa mahali panapoweza kutajwa kwa jina.

Mafunzo ya pili yalikuwa ya vyama vya siri. Wanyamwezi, pamoja na jirani zao Wasukuma na Wasumbwa, walikuwa na vyama vya aina nyingi, kama Bayeye, mabingwa wa nyoka na wa dawa za sumu yake, na Baswezi, chama cha pepo kilichomtukuza Lyangombe, shujaa wa hadithi ambaye taadhima yake ilienea kutoka nchi za maziwa, Rwanda, Burundi na Buha. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizichunguza habari za Baswezi na kuzitoa mwaka 1955. Aghalabu mtu hakuamka tu asubuhi akatamani kuwa Mswezi. Aliugua yeye au mtoto wake, akaenda kwa mfumu, yaani mganga, mfumu akampasua kuku na kusoma ishara zilizokuwamo, kisha akamwambia kwamba pepo wanamtaka chamani. Ndipo alipotoa ada, akatengwa na watu kwa muda, akapitishwa katika mambo ya kutisha na ya kufedhehesha, akapewa jina jipya na maneno yasiyoeleweka nje ya chama, na akafungwa kwa ahadi ya kutotoa siri.

Mwenye insafu hawezi kukataa kwamba hapo palikuwa na hatari zote ambazo leo tunazilalamikia: mtu aliitwa wakati wa udhaifu wake, alilipa kabla ya kujua anachokinunua, na siri ilimzuia asiwaulize watu wa nje kama aliyotendewa yalikuwa ya haki. Mapadri wa White Fathers, waliofungua misheni ya Ndala mwaka 1896, walivipinga vyama hivyo, nao walikuwa na sababu zao za dini. Hata hivyo kulikuwa na lijamu moja iliyomzuia mwalimu asipite kiasi. Wale waliomwingiza mtu chamani walikuwa jirani zake. Waliishi naye, walilima karibu naye, na chama kilikuwa na wajibu wa kumzika mwanachama wake kwa heshima. Aliyemdhulumu mwari wake leo alikutana naye kesho kisimani, akakutana na wajomba zake ngomani, na sifa yake ikawa mikononi mwa watu wale wale.

Kisha zikaja zama za mkataba. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu ukafifia, na vijana waliozoea kwenda pwani na pembe wakaanza kwenda huko kukata mkonge. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyeiacha kazi kabla ya muda wa mkataba kuwa mkosaji. Na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, shirika la kukusanya watu kutoka bara, ambalo kwalo maelfu ya watu wa majimbo ya Magharibi na ya Ziwa walikwenda Tanga na Morogoro wakiitwa manamba. Kijana ambaye hakujua kusoma aligusisha kidole gumba katika karatasi, na tangu hapo kutua mzigo, ambako kwa babu yake kulikuwa mwanzo wa shauri, kwake kukawa kosa la kumfikisha kortini. Tofauti hiyo ni kubwa: kazi ilikuwa ngumu katika zama zote mbili, lakini katika ya pili mtu alinyang'anywa uwezo wa kusema basi.

Semina za siku hizi zina nasaba yake mbali na hapa. Mwaka 1971, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, Werner Erhard alianzisha mafunzo yaliyoitwa est, ambayo yaliwakusanya mamia ya watu katika ukumbi wa hoteli kwa muda wa saa 60 hivi, zilizogawanywa katika miisho miwili ya wiki. Wanafunzi waliziacha saa zao za mkono nje, walizuiwa kwenda msalani isipokuwa kwa nafasi zilizowekwa, na walikemewa kwa maneno makali mpaka wakiri kwamba taabu zao zote ni taksiri yao wenyewe. Kisha, walipokwisha kufurahi, walihimizwa kuwaleta ndugu na rafiki. Wengi walisema wamenufaika, na sina sababu ya kuwakadhibisha. Lakini njia ile ilienea duniani, na mwaka 2009 ilionyesha upeo wake mbaya karibu na Sedona, Arizona, ambako James Arthur Ray aliwaingiza watu waliokuwa wamemlipa zaidi ya dola 9,000 kila mmoja katika hema la mvuke wa moto, akawahimiza wavumilie, na watatu wakafa. Mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa kusababisha vifo kwa uzembe.

Mwaka huo huo wa 2009 Tanzania ilipata somo lake. DECI, taasisi iliyosimamiwa na wachungaji, ilikuwa imewashawishi watu wa mikoa mingi kupanda mbegu, yaani kutoa fedha, ili wavune maradufu. Serikali ikaisimamisha, na viongozi wake wakashtakiwa kwa kuendesha upatu. Haikuwa semina, lakini ufundi wake ulikuwa ule ule: ushuhuda wa waliovuna ulitangulia, maswali ya wenye shaka yalihesabiwa kuwa upungufu wa imani, na kila aliyepanda alikuwa na haja ya wapandaji wapya nyuma yake.

Ufundi huo huonekana wazi katika ukumbi. Muziki hupigwa kwa nguvu, watu huambiwa wasimame na kumgeukia jirani, simu huzimwa, chakula hucheleweshwa. Mmoja huitwa mbele aeleze unyonge wake, akalia, akapigiwa makofi. Na saa ya jioni, mwili ukiwa umechoka na moyo umelainika, huletwa fomu ya daraja la pili, pamoja na maneno kwamba bei hii ni ya leo tu na kwamba anayetaka kwenda nyumbani kushauriana na mkewe ni mwoga wa mafanikio. Mtu aliyekwisha toa akiba yake na kulia mbele ya wageni huona haya kukiri kwamba amehadaika, hivyo huongeza ya pili ili kuitetea ya kwanza. Ghururi haishindi kwa hoja, hushinda kwa uchovu na kwa haya. Na mwalimu mwenyewe, tofauti na kirangozi, aghalabu hana biashara nyingine iliyomtajirisha ila ada za wale anaowafunza utajiri. Tena asubuhi amekwenda mji mwingine, wala hakuna kisima atakachokutana nawe.

Wala sisemi kwamba kila semina ni hadaa. Bwana shamba anayewafunza watu kilimo cha pamba huko Bukene, au mhasibu anayewaonyesha wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, namna ya kuandika hesabu, hutoa maarifa yanayoweza kupimwa shambani na daftarini, na mwanafunzi wake akiondoka katikati hapotezi heshima. Ninachokitaka ni kwamba desturi za zamani zilizokuwa njema zirejeshwe kwa namna ya sasa: mwenye kufunza ataje kazi yake na mahali alipoifanya, ada yote na madaraja yote yasemwe siku ya kwanza, mtu asitoe fedha siku ile ile aliyosikia ahadi, bali alale nayo na kuisema mbele ya jamaa zake, asilipwe kwa kuwaleta ndugu zake, na mlango wa ukumbi uwe wazi kwa anayetaka kutoka, bila kukemewa wala kuaibishwa. Mashekhe, mapadri, wachungaji na viongozi wa mitaa, ambao watu huwaendea kabla ya kufanya jambo kubwa, wana wajibu wa kuyauliza maswali haya hadharani, maana mtu mmoja aliye katika dhiki hawezi kuyauliza peke yake mbele ya umati unaopiga makofi. Semina itakayokubali masharti hayo tuipokee kwa staha, na itakayoyakataa imekwisha kutueleza yenyewe inavyotarajia kupata riziki yake.