Nipe Mji: Fumbo, Tuzo na Jibu katika Historia ya Mashindano

1. Mji kama bei ya jibu

Katika uchambuzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili, kitendawili kimetazamwa zaidi kama tungo fupi yenye istiari. Huulizwa ni kwa namna gani yai limefananishwa na nyumba isiyo na mlango, au nanasi na kuku anayetaga mibani. Upande mmoja wa kitendawili umeachwa nyuma, nao ni ule wa mashindano. Kitendawili hutegwa, mithili ya mtego wa ndege: yuko anayetega, na wako wanaotarajiwa ama kunaswa ama kutegua. Na penye ushindani pana dau. Historia ya dau hilo, tangu barazani hadi kwenye michezo ya kompyuta, yaonyesha kwamba aina ya tuzo hugeuza tabia ya fumbo lenyewe, na pia mwenendo wa wale wanaolifumbua.

Utaratibu wa Waswahili wajulikana. Mtegaji hutangulia kwa kusema "Kitendawili!" na hadhira huitikia "Tega!" Fumbo hutolewa, na kila mwenye wazo hujaribu. Anayelifumbua hupata sifa, na mahali pengine hupokea zamu ya kutega. Wakishindwa wote, mtegaji hudai: "Nipeni mji." Hadhira humtajia mji. Aweza kuukataa kwa kuuona mdogo, akatajiwa mwingine na mwingine mpaka aridhike. Akisha kuupokea, aghalabu husimulia jinsi alivyofika huko, alivyopokewa kwa shangwe na alivyokula akashiba. Ndipo anapotoa jibu.

Mambo matatu yastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, mji humwendea yule aliyetega, nao hutolewa na wale walioshindwa. Kwa hiyo hadhira yote iko upande mmoja: hakuna sababu ya mtu kumficha jirani yake wazo alilolipata, kwa maana kufaulu kwa mmoja ni kuokoka kwa wote. Pili, mji huo ni wa maneno matupu. Mtoto asiye na senti aweza kutoa Mombasa au Kisangani sawasawa na tajiri, wala hakuna anayerudi nyumbani akiwa maskini kuliko alivyokuja. Tatu, na hili ndilo kubwa, mji ni bei ya jibu. Bei ikisha kulipwa, mtegaji hana ruhusa tena ya kulizuia jibu. Linakuwa mali ya wote waliohudhuria. Aliyeshindwa leo aweza kesho kukitega kitendawili kilekile mbele ya watu wengine na kudai mji wake mwenyewe. Hivyo kushindwa kwenyewe huwa njia ya kujifunza, na vitendawili hupata miguu ya kutembea kutoka kijiji hadi kijiji.

Hata palipokuwa na uzito mkubwa zaidi, dau lilibaki katika uwanja wa heshima. Washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, walifumbiana kwa beti, na fumbo la mmoja lilimtaka mwingine ajibu kwa ushairi. Aliyeshindwa kujibu alipungukiwa na jina, si na mali. Mashairi ya Muyaka yalipochapishwa na William Hichens mwaka 1940, msomaji wa mbali aliweza kuona jinsi lugha ilivyoweza kuwa uwanja wa mapambano bila mtu kuumizwa.

Desturi ya kutegana si ya Waswahili peke yao. Hapa Kongo, Clémentine Faïk-Nzuji alichapisha mjini Kinshasa mwaka 1970 utafiti juu ya mafumbo ya Waluba, akichunguza muundo wake. Kazi za namna hiyo zimefungua njia. Lakini muundo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni masharti ya mchezo, yaani nani anamlipa nani, kwa kitu gani, na jibu linakwenda wapi.

2. Dau linapokuwa mali

Maandiko ya kale yatoa mifano ya mafumbo yaliyotegwa kwa mali halisi, na mfano ulio mashuhuri kuliko yote umo katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14. Samsoni, katika karamu ya arusi yake huko Timna, aliwategea fumbo vijana thelathini wa Kifilisti. Masharti yalikuwa bayana. Wakilifumbua katika siku saba za karamu, awape mavazi ya kitani thelathini na mavazi mengine thelathini ya kubadili. Wakishindwa, wao wampe yeye hesabu hiyohiyo.

Shindano hilo lilikuwa na kasoro mbili tangu mwanzo. Fumbo lilitokana na asali ambayo Samsoni aliikuta katika mzoga wa simba, tukio ambalo hata wazazi wake hakuwaeleza. Hakuna akili, hata ingekuwa kali namna gani, iliyoweza kulifikia jibu kwa kuyapima maneno tu. Tena dau lilikuwa zito: vijana walinung'unika kwamba wamealikwa ili wafukarishwe. Basi waliacha kulitafuta jibu ndani ya fumbo, wakalitafuta kwa bibi arusi, wakimtishia kumchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake. Alilia mbele ya mumewe hata akaambiwa siri. Samsoni, alipoona amesalitiwa, alishuka Ashkeloni, akawaua watu thelathini na kuwavua mavazi yao ili alipe deni. Gharama ya mchezo ilibebwa na watu ambao hawakucheza.

Mwanahistoria Josephus, aliyeandika katika karne ya kwanza, asimulia habari nyingine. Mfalme Sulemani na Hiramu, mfalme wa Tiro, walipelekeana mafumbo, na aliyeshindwa alilipa fedha. Hiramu alishindwa, akalipa nyingi. Baadaye alimpata mtu wa Tiro, jina lake Abdemon, aliyeyafumbua yale ya Sulemani na kutunga mengine yaliyomshinda, hata fedha zikarudi Tiro na ziada juu yake. Habari hiyo yazusha swali ambalo kila mwandaaji wa mashindano hukutana nalo: je, ni halali mshindani kutumia akili ya mwingine? Barazani swali hilo halina mahali pa kusimama, kwa kuwa hadhira hufumbua kwa pamoja. Huzuka pale tuzo inapokuwa na mwenyewe mmoja.

3. Sungura wa dhahabu na upanga usiotolewa

Karne ya ishirini iliyafanya mashindano ya mafumbo kuwa biashara. Mwaka 1979 mchoraji wa Uingereza, Kit Williams, alitoa kitabu cha picha kiitwacho Masquerade. Ndani ya picha alificha maelekezo ya kufika mahali alipokuwa amefukia sungura wa dhahabu aliyemfua kwa mkono wake. Mahali hapo palikuwa Ampthill, katika jimbo la Bedfordshire. Hapa mpangilio wa baraza umepinduliwa: tuzo ni ya mfumbuzi, si ya mtegaji, ni moja tu, na kila msomaji ni adui wa msomaji mwenzake. Watu walichimba huku na huko, hata katika mashamba yasiyo yao.

Mwaka 1982 sungura alipatikana. Walimu wawili wa fizikia walikuwa wamelifumbua fumbo kwa njia iliyokusudiwa, lakini tuzo ilichukuliwa na mtu mwingine aliyejitokeza kwa jina la bandia. Mwezi wa Desemba 1988 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba mtu huyo hakulifumbua fumbo: dondoo za mahali penyewe zilikuwa zimetoka kwa mtu aliyewahi kuwa karibu na mchoraji. Kisa cha Timna kilikuwa kimerudi katika vazi jipya. Siri iliyofungwa ndani ya fumbo ilitafutwa tena katika nyumba ya mwenye siri.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1984 kampuni ya Haresoft, iliyoanzishwa na huyo aliyemtwaa sungura, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Hareraiser, katika sehemu mbili zilizouzwa mbalimbali, na tuzo ilikuwa sungura yuleyule. Hakuna aliyeupata ufumbuzi. Kampuni ilifilisika, na sungura aliuzwa kwa mnada huko Sotheby's, London, Desemba 1988, kwa pauni 31,900. Wanunuzi wa mchezo waliulipa mji wao mapema, tena kwa fedha taslimu, na jibu hawakupewa kamwe. Kwa kanuni ya baraza, huo ni uvunjaji wa mkataba: hadhira ikisha kutoa mji, mtegaji ni mdeni wao.

Huko Marekani kampuni ya Atari ilikuwa imekwisha anza mwaka 1982 mfululizo wa michezo iitwayo Swordquest. Michezo ilikusudiwa kuwa minne, na ndani yake mlifichwa vidokezo vilivyomwelekeza mchezaji kwenye kijitabu cha katuni kilichouzwa pamoja na mchezo. Tuzo zilikuwa tano: nne za thamani ya dola 25,000 kila moja, na ya mwisho, upanga, ya dola 50,000. Mbili za kwanza zilitolewa kwa washindi. Mchezo wa tatu ulitoka kwa nakala chache. Wa nne haukutoka. Mwaka 1984 kampuni mama iliuza sehemu ya michezo ya nyumbani ya Atari, na shindano likakatizwa. Waliokuwa wakijiandaa kuupigania upanga walibaki na fumbo lisilo na mwisho.

4. Baraza la mbali

Intaneti ilileta jambo ambalo kwa sura ni jipya na kwa asili ni la kale sana. Mwaka 2001, wakati wa kutangazwa kwa filamu A.I. ya Steven Spielberg, watungaji wa kampuni ya Microsoft walitawanya mafumbo mengi katika intaneti, bila kutangaza tuzo wala hata kusema kwamba huo ni mchezo. Wachezaji walikusanyika wenyewe katika kundi lililojiita Cloudmakers, nao walizidi watu elfu saba. Huyu alijua muziki, yule kemia, mwingine lugha za kigeni. Jibu la mmoja lilikuwa la wote mara lilipopatikana. Mafumbo yaliyodhaniwa kuwa magumu yalifumbuliwa upesi kuliko watungaji walivyotarajia. Bila shaka wengi wao hawakupata kusikia neno "Tega!", lakini walikuwa wameketi barazani.

Tuzo kubwa haikutoweka kwa sababu hiyo. Kati ya 2005 na 2007 mchezo wa mafumbo uitwao Perplex City, uliotungwa London, uliahidi pauni 100,000 kwa atakayepata mchemraba uliofichwa. Nao ulichimbuliwa Februari 2007 katika msitu wa Northamptonshire, na fedha zikalipwa. Mfano huo wathibitisha kwamba shindano la tuzo laweza kuendeshwa kwa uaminifu hadi mwisho wake. Hata hivyo shida ya asili ingalipo. Palipo na tuzo moja ya thamani, kila mwenye wazo hupimana na nafsi yake kabla ya kulitamka, na jamii ya wafumbuzi hugeuka kuwa kundi la watu wanaochunguliana.

Yeyote anayeandaa leo mashindano ya mafumbo kwa jamii ya wachezaji waliotawanyika, wasioonana uso kwa uso, hukabiliwa na maswali yaleyale ya Timna na ya Ampthill. Je, fumbo lafumbulika kwa maneno yake lenyewe, au lategemea siri ya mtungaji? Atakayeshindwa atalipa nini, naye atapata nini kwa malipo yake? Tuzo itawavuta watu kwenye fumbo, au itawavuta kwenye mlango wa nyuma wa yule anayejua jibu? Na mwisho, shindano likifungwa, jibu na njia ya kulifikia vitakuwa vya nani? Tuzo ndogo zilizogawanywa kwa wengi, na ahadi ya kueleza jibu hadharani siku iliyotajwa, huondoa sehemu kubwa ya vishawishi vilivyowaangusha wengine. Masharti hayo mawili ndiyo maana halisi ya mji.

5. Jambo la kuzingatiwa na wakusanyaji

Kwa wanafunzi na watafiti wa Kiswahili, funzo ni la karibu zaidi. Katika mikusanyo mingi ya vitabuni, kitendawili huchapwa upande mmoja wa ukurasa na jibu lake upande wa pili. Msomaji hupata vyote viwili bila kutega, bila kujaribu, bila kushindwa na bila kutoa chochote. Kilichohifadhiwa ni tungo. Kilichopotea ni shindano. Ikiwa mji ndio ulioifanya hadhira iwe kitu kimoja na kulifanya jibu liwe la wote, basi mkusanyaji anayeuacha ameacha chombo kilichovifikisha vitendawili hivyo hadi kwake.

Kazi inayodaiwa si ngumu. Anayekwenda kukusanya vitendawili Kasongo, Bukavu, Kalemie au katika mitaa ya Lubumbashi aandike pamoja na tungo majina ya miji iliyotolewa, ile iliyokataliwa na sababu ya kukataliwa, na safari aliyoisimulia mtegaji kabla ya kutoa jibu. Pale ambapo masharti ni mengine, ayaandike hayo. Miji hiyo ni ramani ya heshima na tamaa za wasemaji: yaonyesha ni mahali gani pahesabiwapo kuwa pakubwa, na tangu lini. Wazee wanaokumbuka miji iliyodaiwa utotoni mwao wanapungua mwaka hata mwaka, na safari hizo hazimo katika kurasa zenye tungo na majibu peke yake.