Kukagua ubora wa ujenzi: cheti gani kinashuhudia nini?

Katika komini za Kisangani, toka Mangobo mpaka Lubunga ng'ambo ya mto, vijana wengi waliosoma ujenzi wanajiuliza ulizo moja: kisha diploma, nitafute karatasi gani tena kusudi nipate kazi? Matangazo ya masomo ya «cheti cha kimataifa» yanazunguka katika simu, na mengi yanaomba dola. Mbele ya kutoa makuta, inafaa kujua kwamba karatasi ziko za namna tatu. Kuko inayosema kwamba ulisoma. Kuko inayosema kwamba ulipimwa na ukaweza. Kuko pia inayosema kwamba kampuni inafanya kazi kwa utaratibu. Hakuna hata moja inayoweza kushika nafasi ya mwenzake.

Mkaguzi anafanya kazi gani?

Shefu wa shantie anasukuma kazi iende mbele. Mkaguzi wa ubora yeye anaangalia kama kinachojengwa ni kile kilichoandikwa katika plani na katika mkataba. Kwenye shantie kubwa ukaguzi unafanywa na pande mbili: kampuni inayojenga inajikagua yenyewe, na mwenye kazi, mara nyingi Serikali au mfadhili, anaweka mainjinia wake wanaoitwa misioni ya kontrole.

Tuchukue beto. Mbele ya kuimwaga, mkaguzi anajaza kopo la chuma lenye urefu wa sentimita 30, pana chini na jembamba juu. Anajaza kwa tabaka tatu, na kila tabaka anaichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma. Kisha anavuta kopo juu na kupima beto imeshuka sentimita ngapi. Ikishuka kupita kiasi, mara nyingi ni kwamba maji yamezidi. Beto ya maji mengi ni rahisi kumwaga, mafundi wanaipenda, lakini ikikauka nguvu yake ni ndogo.

Beto hiyohiyo inawekwa pia ndani ya silinda, na silinda zinavunjwa kwa mashine katika maabara, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Siku ya 28 ndiyo inayotoa jibu lenyewe. Lakini siku hiyo nguzo imekwisha simama, na pengine ukuta umekwisha pandishwa juu yake. Ndiyo maana mtu anayepima asubuhi, beto ikiwa bado mbichi, anabeba mzigo mkubwa. Akiandika uongo, ukweli utajulikana wakati kuvunja kumekuwa gali.

Kwa barabara za udongo mwekundu kama zile za Tshopo, kipimo kikubwa ni cha kushindilia. Udongo wa barabara unalinganishwa na ule uliopimwa katika maabara kwa jaribio linaloitwa Proctor. Usiposhindiliwa vizuri unakunywa maji ya mvua, na malori yanamaliza yaliyobaki.

Karatasi za hapa Congo

Mwanzo ni diploma ya Taifa katika ufundi wa ujenzi, kisha masomo ya juu. Shule inayojulikana zaidi katika kazi hii ni INBTP ya Kinshasa, chuo cha Taifa cha majengo na kazi za umma. Hizi ni karatasi za kusema «alisoma». Hazikwishi muda.

Kuko INPP, taasisi ya Taifa ya kutayarisha watu kwa kazi. Iliundwa tarehe 29 Juni 1964, inalipwa kwa sehemu na michango ya waajiri, na iko pia hapa Kisangani. Inafundisha watu wa kazi za mikono na wale walio kazini tayari. Kwa fundi anayejua kujenga lakini hana karatasi, mlango huu ni wa karibu kuliko intaneti.

Ofisi nyingine hazitoi cheti cha mtu, lakini mkaguzi anakutana nazo kila mara. Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971, inashughulika na barabara kubwa na ina maabara ya Taifa ya kazi za umma, LNTP. OVD inashughulika na barabara za mijini na mifereji ya maji. OCC, iliyoanza mwaka 1974, inakagua ubora wa bidhaa, pamoja na zile zinazoingia toka inje. Hiyo inahusu Kisangani sana, juu simenti yetu inatoka mbali: nyingine inapanda mto toka magharibi, nyingine inakuja kwa barabara toka Uganda. Mfuko uliolala wiki nyingi penye unyevu unaweza kuwa umekwisha poteza nguvu, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni zuri.

Karatasi za inje

American Concrete Institute, ya Marekani, inatoa cheti kwa fundi anayepima beto kwenye shantie. Kuna mtihani wa kuandika na mtihani wa mikono: unafanya vipimo mbele ya mtu anayekuangalia. Kinadumu miaka 5, kisha unapimwa tena. Ni mfano mzuri wa karatasi ya «alipimwa».

Jeshi la mainjinia la Marekani linatoa somo la usimamizi wa ubora kwa wakandarasi, linalojulikana kama CQM-C. Nalo linadumu miaka 5. Liliundwa kwa ajili ya mikataba ya Serikali ya Marekani. Mtu asiyetafuta kazi kwenye mikataba hiyo ajiulize mara mbili mbele ya kulipa.

PMP, ya Project Management Institute, ni ya kusimamia miradi ya kila aina. Inaomba miaka ya uzoefu mbele ya mtihani, na inafanywa upya kila miaka 3. Haimfundishi mtu kupima beto.

Mwisho ni ISO 9001, toleo la 2015, inayochanganya watu wengi. Hii ni kanuni ya utaratibu wa kampuni au ofisi. Shirika la ISO lenyewe halitoi cheti kwa mtu yeyote. Makampuni mengine ya ukaguzi ndiyo yanayokitoa. Mtu anaweza kusoma kuwa mkaguzi wa kanuni hiyo, lakini anayesema «mimi niko ISO 9001» hajaelewa alichosoma. Tena, kampuni yenye cheti hicho imeonyesha kwamba ina utaratibu wa kazi. Nguzo moja moja inabaki ya kupimwa.

Kazi zinapatikana wapi?

Mikataba ya Serikali inafuata sheria ya soko la umma ya tarehe 27 Aprili 2010. Katika dosie, kwa kawaida kampuni inaombwa CV za watu wake wakubwa: diploma, miaka ya kazi, na kazi zinazofanana walizofanya. Kwa kazi za chini ya mkandarasi katika sekta binafsi, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaziweka kwa makampuni yenye mtaji mkubwa wa Wakongomani. Mlango huo unaweza kuwafaa vijana waliojiunga pamoja.

Mradi wa maendeleo ya teritware 145 ulileta shantie za shule, vituo vya afya na majengo ya utawala hadi ndani, kupitia PNUD, BCECO na CFEF. Tshopo ina teritware saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Shantie ikiwa mbali hivyo, mtu anayejua kupima na anayekubali kukaa hukohuko anahitajika.

Kazi zenyewe ni nyingi: mpimaji wa maabara, mpima ardhi, mtu wa kuhesabu vifaa, mkaguzi wa shantie, mtu wa usalama wa kazi. Nyingi kati ya hizo zinaanzia chini, kwa kubeba silinda na kuandika namba.

Mbele ya kulipa, uliza haya

Nani anatoa cheti, na jina lake linaweza kuhakikishwa kwake moja kwa moja? Kuna mtihani, ao unalipa na kupokea karatasi tu? Kuna kazi ya mikono? Kinakwisha lini? Na hili kubwa: tangazo gani la kazi ulilolisoma wewe mwenyewe linakiomba? Kama halipo, makuta hayo yanaweza kufaa zaidi kwa stage kwenye maabara ao kwa masomo ya INPP.

Kuko pia hatari ya kuazimisha jina. Mtu mwenye karatasi nzuri anaweka CV yake katika dosie ya kampuni, kisha hafiki kwenye shantie. Ajue kwamba dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inatumika, inawabebesha arshitekti na mkandarasi madeni ya miaka 10 jengo likianguka kwa kosa la ujenzi, hata kwa kosa la udongo. Jina lililoandikwa katika dosie litatafutwa siku hiyo.

Kwa mwenye kuanza, karatasi moja haiombi dola: daftari la vipimo, lenye tarehe, mahali, namba zilizopatikana na sahihi ya injinia aliyekuwepo. Mwajiri anayejua kazi atalifungua na kuuliza ulizo juu ya ukurasa mmoja. Aliyepima kweli atajibu.