Nankabirwa na deni la Juba bungeni

Ann Maria Nankabirwa, mbunge mwanamke wa Wilaya ya Kyankwanzi katika Bunge la 10 la Uganda (2016–2021), aliongoza kamati teule iliyochunguza malipo ya wafanyabiashara walioiuzia serikali ya Sudan Kusini nafaka na bidhaa nyingine, wakabaki wakidai. Kwa makubaliano ya 2016, Uganda ingewalipa kwanza, kisha Juba irudishe kama mkopo. Ugomvi ulikuwa kwenye orodha: kampuni 10 ziliingizwa, nyingine zikalalamika kuachwa. Wenye maduka ya jumla Kikuubo, Kampala, waelewe hapa: makubaliano yalihusu mali iliyouzwa kwa serikali. Aliyempa mteja binafsi wa Juba mali kauli hakuwamo, hata kama lori lilivuka mpaka na karatasi zote za forodha.