Kabla ya Tola: Mbegu za Ngerengere na Dhahabu ya Bibi Harusi



Kila msimu wa harusi swali ni lile lile: katolewa tola ngapi? Neno tola tunalitaja kana kwamba lilizaliwa pamoja na dhahabu. Kumbe ndani yake mna mbegu, tena mbegu ya kichakani. Leo tuifuate mbegu hiyo mpaka Ngerengere, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro.

Mtatuuliza, watu wa visiwani na Ngerengere wapi na wapi? Mto Ngerengere unaanzia milima ya Uluguru, unapita Morogoro, kisha unaingia mto Ruvu. Ruvu nao unamwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, ng'ambo tu ya Unguja. Maji ya Waluguru na bahari yetu ni ndugu.

Katika vichaka vya huko, kama vilivyo vichaka vya pwani yetu, humea mtipitipi. Ni mmea mwembamba unaopanda juu ya miti mingine. Maganda yake yakikauka hupasuka yenyewe, na ndani hung'aa mbegu nyekundu zenye doa jeusi, mfano wa jicho. Kwenye majimaji humea mtasubihi, jamii ya nyasi, ambao mbegu zake ngumu zina tundu la asili. Uzi unapita bila kutoboa. Jina lake linatosha kusema mbegu hizo zilitungwa kwa ajili ya nini. Ufukweni tuna komwe, zile za kijivu tunazochezea bao. Mwanamke asiye na sonara wala duka alikuwa na pambo lake porini, na kazi yake ilikuwa kujua msimu, kuokota, kuchagua zinazolingana na kutunga.

Kisha zikaja shanga za kioo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga kwa mizigo, nyingi zikitoka Venice kwa kupitia Unguja. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri njia za bara kuanzia mwaka 1857, aliandika kwamba zilikuwapo aina kama 400, kila moja na jina lake. Ziliuzwa kwa kete, na kete kumi zikifanya fundo moja. Zilizotamaniwa kupita zote zilikuwa nyekundu, samesame, nazo wenyeji walizipa majina ya utani: kimaliza chakula, na kivunja mji. Maana yake mnaielewa. Mume alimaliza ghala kwa ajili ya mkufu wa mkewe! Rangi iliyovunja miji ilikuwa ni ileile ambayo mtipitipi uliitoa bure.

Msidhani wanawake wa njia ile walikuwa wanunuzi tu. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta kando ya mto huu mji wenye ngome, uliojengwa na Kisabengo, na mtawala wake alikuwa binti yake, Simbamwene. Na mpaka leo Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Shanga za kiunoni zilipita kutoka kwa bibi na mama kwenda kwa mwali pamoja na mafunzo yake, si kama bidhaa peke yake. Reli ya Kijerumani ilipofika Morogoro mwaka 1907, ikipitia Ngerengere, vitu vya dukani vikazidi kuwa karibu, na mbegu zikaonekana pambo la asiyenacho.

Sasa turudi kwenye tola. Masonara wa Bara Hindi walipima dhahabu kwa rati, na rati ni mbegu ya tipitipi. Waliichagua kwa sababu uzito wake haupishani sana, kama gramu 0.12. Rati nane ni masha moja, na masha kumi na mbili ni tola moja. Hesabuni: tola moja ni tipitipi 96. Mwaka 1833 serikali ya Waingereza huko India ikaiweka tola katika kipimo rasmi, gramu 11.66, na sisi tukaipokea kwa masonara wetu. Karati nayo inatokana na mbegu ya mharubu. Hata mafakihi walipoipima mithqali, ambayo 20 zake ndizo nisabu ya zaka ya dhahabu, walihesabu punje 72 za shayiri. Dhahabu haikujipima yenyewe. Ilipimwa kwa mbegu.

Tunayasema haya kwa ajili ya binti anayeona haya kwa sababu tola zake ni chache, au hazipo. Mtume (S.A.W.) alimwambia sahaba asiye na kitu atafute hata pete ya chuma. Pambo jepesi halikupunguzii heshima ya ndoa yako, wala deni la dhahabu haliiongezi.

Lakini dada, ukipenda kurudisha mbegu kwenye mapambo yako, shika tahadhari. Tipitipi ina sumu kali. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huizuia sumu. Ikitafunwa, kusagwa au kutobolewa, inaweza kuua. Usiitoboe, usiivae karibu na mtoto anayetia kila kitu mdomoni, na usiiweke kwenye tasubihi. Tumia mtasubihi, Mola ameshautoboa. Okota zilizokauka na kudondoka, nyingine ziache ziote.

Na kama bibi yako yu hai, muulize alizitunga vipi. Allah awape maharusi wetu wote baraka katika kidogo na kingi. Amin.