Bendi ya Mkononi Kwenye Basketi: Ilianza na Rababendi ya Soksi, Ikaja Kuuzwa Kama Uchawi

Nenda uwanja wowote wa basketi jioni, uwe wa simenti iliyopasuka au ule wa maana wenye taa, hukosi kumkuta mwamba mmoja ambaye hata kudunda mpira kwa mkono wa kushoto ni shida, lakini mkononi ana bendi tatu. Muulize za nini. Atakwambia swaga tu. Hajakosea sana, ila hiyo swaga ina historia, na ndani ya hiyo historia kuna watu wamepigwa hela ndefu mchana kweupe.

Mambo yanaanzia Philadelphia, Marekani, kwa dogo mmoja mrefu kupita kiasi aliyeitwa Wilt Chamberlain. Miguu yake ilikuwa myembamba mno, soksi hazikai, kila akikimbia zinashuka. Dawa aliyoipata ni rababendi, hizi hizi za kufungia noti. Alizivalisha juu ya soksi, na kwa kuwa rababendi hukatika muda wowote, akawa anatembea na za akiba mkononi. Basi, hakuna cha kampuni wala tangazo.

Jamaa akakua, akafika futi 7 na ushee, akawa supastaa mwenye pesa za kununua soksi za kila aina. Rababendi hakuzitoa. Alizivaa mkononi miaka yote ya kucheza, akisema zinamkumbusha alikotoka. Na huyu si mtu wa kumchukulia poa: tarehe 2 Machi 1962, pale Hershey, Pennsylvania, akiwa na Philadelphia Warriors, alifunga pointi 100 peke yake dhidi ya New York Knicks. Mechi iliisha 169 kwa 147. Rekodi hiyo ya NBA bado ni yake. Kwa hiyo mtu mwenye rekodi nzito kuliko wote mkononi alikuwa na kitu cha bei ya pipi.

Bendi nene za kitambaa cha taulo zenyewe zina kazi ya kueleweka kabisa. Ukicheza, jasho linatoka mkono mzima, sio kiganjani peke yake. Ukishusha mkono kudunda mpira linateremka lote hadi kwenye vidole, mpira unateleza, pasi inaenda kwa mpinzani na wenzako wanakuangalia vibaya. Taulo inalikatiza jasho njiani. Pia unajifuta nayo uso bila kukimbilia benchi. Wacheza tenisi wanaivaa kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu akaja Michael Jordan akaipandisha juu. Yeye bendi yake aliivaa mkono wa kushoto, lakini sio kwenye kifundo, ilikaa karibu na kiwiko. Pale kwa habari ya jasho la kiganjani haisaidii kitu. Inasimuliwa kwamba alianza akiwa chuo cha North Carolina, kwa ajili ya Buzz Peterson, rafiki yake na mwenzake wa chumbani, aliyeumia goti. Alipoenda Chicago Bulls akaendelea nayo, na watoto wa nchi ambazo Jordan hajawahi kukanyaga wakaanza kuvalia bendi kiwikoni. Goti la Buzz Peterson walilijulia wapi? Walichoona ni Jordan tu.

Allen Iverson naye ni hivyo hivyo. Msimu wa 2000 hadi 2001 kiwiko chake cha kulia kilikuwa kinamsumbua, akavaa kitambaa cha kubana mkono mzima. Yalikuwa ni matibabu. Akawaka nacho, na baada ya muda vijana wenye viwiko vizima kabisa wakawa wanavaa.

Mpaka hapo hakuna aliyeibiwa. Ni kuiga tu, na kuiga hakujawahi kuwa kosa.

Mwaka 2004 ndio biashara yenyewe ikaingia. Mfuko wa mwendesha baiskeli Lance Armstrong, ambaye alikuwa amepona kansa, ulishirikiana na Nike kutoa bangili ya njano ya mpira laini, dola 1 tu, pesa za kusaidia wagonjwa wa kansa. Zikauzwa zaidi ya milioni 80. Ghafla kila kampeni na kila kampuni ikawa na bangili yake ya rangi yake, na nyingine ziliandikwa maneno ya kibabe kwa ajili ya wapenzi wa basketi. Armstrong mwenyewe baadaye alinyang'anywa mataji yake 7 ya Tour de France, na Januari 2013 akakiri kwenye televisheni kwamba alitumia dawa. Kuna waliovua bangili siku ile ile. Ila angalau ile bangili haikumdanganya mtu kwamba itamrusha juu zaidi.

Iliyodanganya ni Power Balance. Kampuni hii ya California ilianza 2007 ikiuza bangili ya mpira ile ile, tofauti ni kistika kidogo kinachong'aa. Ilidai kistika hicho kinaongea na nguvu za asili za mwili wako, unapata balansi, nguvu na wepesi. Bei ilikuwa karibu dola 30, ambayo kwa Tanzania ya 2010 ni zaidi ya shilingi 40,000. Shaquille O'Neal akaivaa na kuipigia debe. Sasa wewe mtoto wa sekondari unayemuona Shaq na bangili ile, utabisha na nani?

Mauzo yake yalikuwa na kamchezo. Muuzaji anakusimamisha mguu mmoja, mikono umeinyoosha pembeni, anakandamiza mkono wako, unayumba. Anakuvalisha bangili, anakandamiza tena, umesimama kama mlingoti. Unatoa hela mwenyewe! Kumbe akikandamiza kwa kuvuta kidogo kwenda nje, lazima uyumbe. Akikandamiza kuelekea mwilini kwako, unashika. Halafu mara ya pili mwili umeshajua kinachokuja. Watafiti wa chuo cha Wisconsin–La Crosse walijaribu kwa wanamichezo 42, mara bangili yenyewe, mara bangili feki. Hakukuwa na tofauti. Walichokiona ni kwamba jaribio la pili linakuwa zuri zaidi, hata mkononi uwe na feki.

Desemba 2010 mamlaka ya kulinda wateja ya Australia iliibana kampuni, ikalazimika kutangaza hadharani kwamba haina ushahidi wa kisayansi wa kuaminika, na aliyenunua arudishiwe pesa. Kampuni ilijibu vipi huko kwao? Machi 2011 ikabandika jina lake kwenye uwanja wa Sacramento Kings, ukaitwa Power Balance Pavilion. Novemba mwaka huo huo ikaomba kufilisika. Kings wakacheza msimu mzima chini ya jina la kampuni iliyokwisha, hadi Oktoba 2012 lilipobadilishwa.

Bangili za mpira hazikufa na kashfa hiyo. LeBron James amekuwa akivaa iliyoandikwa I PROMISE, ahadi ile ile wanayovaa wanafunzi wa Akron, mji aliozaliwa, wanaosomeshwa kwa msaada wa taasisi yake. Hiyo haikuahidi kudanki. Imerudi kwenye rababendi ya Wilt, kukumbuka.

Sasa kama unachagua ya kuchezea, chukua ya taulo yenye pamba ya kutosha, hizi za plastiki tupu zinasukuma jasho pembeni tu. Ikubane kiasi kwamba kidole kinapita chini yake. Ikiacha alama nyekundu inakubana mno. Ziwe mbili, moja iwe inafuliwa, maana harufu ya bendi ya wiki mbili inafika kwa mpinzani kabla yako. Kwenye mashindano, kanuni za FIBA zinataka kitambaa kisichozidi upana wa sentimita 10, na timu nzima rangi moja, kwa hiyo ulizia wenzako kabla hujanunua pinki. Vitu vigumu na bangili za urembo haviruhusiwi, kwa sababu kidole cha mtu kikinasa humo wakati wa kugombea ribaundi kinaweza kuvunjika. Na ile ya mpira yenye maneno, ivue uitie kwenye begi kabla refa hajakuita pembeni.