Kazi, Ibada na Utunzi katika Miaka ya Njaa: Kitui na Makueni

1.0 Utangulizi

Imo katika uhakiki wa fasihi dhana kwamba sanaa hustawi wakati wa neema na kunyauka wakati wa dhiki. Njaa ikiingia, yasemekana, watu hutafuta chakula na kuacha wimbo. Historia ya Wakamba wa Kitui na Makueni haiafikiani na dhana hiyo. Sehemu hizo mbili zimepatwa na ukame mara nyingi, na bado utunzi wa nyimbo, mafumbo na majina haukukatika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kilichouhifadhi utunzi huo ni mazoea: kazi za kila siku na ibada za kila msimu, ambazo zilimlazimu fanani kutunga hata pale ambapo moyo wake haukuwa na furaha. Yanakusudia pia kuonyesha mpaka wa hoja hiyo, kwa kuwa mazoea nayo huweza kuvunjika.

2.0 Misimu na majina ya njaa

Ratiba ya maisha katika Kitui na Makueni hufuata mvua mbili: mbua ya nthwa, inyeshayo kati ya Oktoba na Desemba, na mbua ya uua, inyeshayo kati ya Machi na Mei. Ya kwanza ndiyo mkulima aitegemeayo zaidi. Zikikosekana zote mbili kwa mfululizo, njaa huja. Na njaa hiyo, ikishaonekana kuwa kubwa, hupewa jina. Neno la Kikamba ni yua, na kila yua kubwa ina jina lake, ambalo wazee hulitumia kuhesabia umri na matukio.

Njaa ya Ngomanisye, ya mwaka 1898 na 1899, ilikuja baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe katika mwongo huohuo, ikaandamana na ndui, wakati reli ya kutoka Mombasa ikipita Ukambani. Jina lake labeba maana ya jambo lililoenea na kukutana pande zote. Njaa ya mwaka 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, yaani "nakufa nikiwa nimeshika". Jina hili lastahili kusomwa kama shairi. Linasemwa kwa nafsi ya kwanza, na msemaji wake ni mtu anayekaribia kufa. Kile alichokishika hakitajwi. Msikilizaji ndiye anayekikamilisha, kwa kuwa anajua kuwa ni fedha, na kwamba dukani hapakuwa na nafaka ya kununua. Katika maneno mawili umo uhakiki wa uchumi mzima wa mshahara na soko. Hatujui nani aliyelitunga. Tunachojua ni kwamba lilipokewa na umma na likakaa, na ili lipokewe ilibidi pawepo mahali ambapo watu walikuwa wakikutana na kusemezana kila siku.

3.0 Kazi kama shule ya utunzi

Mahali hapo palikuwa pengi. Pa kwanza ni mtoni. Mito kama Tiva katika Kitui, na Thwake na Kaiti katika Makueni, hukauka juu, nayo maji hubaki chini ya mchanga. Wakati wa kiangazi shimo huchimbwa, kisha watu hungoja maji yakusanyike polepole ndipo yatekwe kwa kibuyu au kwa kopo. Kadiri ukame unavyozidi, ndivyo shimo linavyozidi kina na zamu inavyozidi urefu. Dhiki, kwa hiyo, iliongeza muda wa watu kukaa pamoja. Pa pili ni kwenye ususi wa kyondo. Mwanamke husokota uzi wa katani, au wa gome la mti, juu ya paja lake, na huweza kufanya hivyo akiwa mkutanoni, akiwa malishoni au akingoja zamu ya maji. Mikono ina kazi na kinywa ni huru.

Pa tatu, na muhimu kuliko pengine pote, ni mwethya, yaani kikundi cha watu wanaosaidiana kazi kwa zamu. Muundo wa wimbo wa mwethya hutokana na jembe. Kiongozi hutoa mstari mfupi, wenzake hupokea, na pumzi ya kiitikio ndiyo pumzi ya kuinua na kuangusha jembe. Kiitikio hakibadiliki, mstari wa kiongozi sharti ubadilike, la sivyo kazi hupooza. Hapa ndipo mazoea yanapozaa ubunifu. Anayeongoza hana nafasi ya kusubiri hamasa: jembe likiinuka, mstari uwe tayari. Humsema mvivu, humsifu mwenye shamba, au hugeuza habari ya jana iwe mzaha wa leo.

Hata hivyo, si kila ratiba iliyo na uwezo huo. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni iliamrisha kazi za kuzuia mmomonyoko wa udongo, na amri hizo zilichukiwa. Mwaka 1938 wakazi wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo Makueni ilikuwa sehemu yake, waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga kuuzwa kwa ng'ombe wao kwa nguvu. Ilikuwa katika miaka ya 1950, kazi ilipowekwa mikononi mwa vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi, ndipo matuta yalipoenea kwa wingi, hasa yale yaitwayo fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro. Mtaro uliochimbwa kwa amri na uliochimbwa kwa mwethya huweza kulingana kwa kina. Tofauti ni kwamba katika mwethya wachimbaji wenyewe ndio wenye ratiba, na mwenye ratiba ndiye mwenye ruhusa ya kuitungia maneno.

4.0 Ibada kama hazina

Kando ya kazi ilikuwapo ibada. Ithembo ni mahali patakatifu, aghalabu chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambapo sadaka ilitolewa mvua ilipochelewa au mavuno yalipopatikana. Ngoma iliyohusiana sana na maombi hayo ni kilumi, ambayo wanawake watu wazima wamekuwa nguzo yake, ikiwa na ngoma ndefu na wachezaji wanaopandwa na aimu, yaani mizimu.

Wahakiki wengi huziweka nyimbo za kazi na nyimbo za ibada katika tanzu mbili mbalimbali. Mgawanyo huo wafaa kwa mpangilio wa kitabu, lakini wauficha uhusiano wa tanzu hizo. Mama aliyecheza kilumi usiku ndiye aliyeshika jembe katika mwethya. Ibada hutaka marudio: mapigo yaleyale na miito ileile, kwa kuwa mzimu haitwi kwa jina jipya. Kazi hutaka mabadiliko. Inaelekea kwamba utanzu mmoja ulimpa fanani hazina ya sauti na mapigo, na mwingine ukampa sababu ya kuitumia hazina hiyo upya. Bila marudio ya usiku, mstari wa mchana ungekosa mahali pa kusimama.

Watawala walilitambua jambo hili kwa namna yao. Mwaka 1911, katika wilaya ya Machakos, Siotune wa Kathuke na Kiamba walihusishwa na vuguvugu lililoenea kwa njia ya ngoma na kupandwa na pepo, nao wakahamishwa na serikali kupelekwa mbali. Wamishonari nao waliwakataza waumini ngoma za mizimu. Kwa kuiogopa ngoma, wote wawili walikiri nguvu ya mazoea yanayowakutanisha watu.

5.0 Mpaka wa hoja

Haifai kuipamba njaa. Katika Ngomanisye watu walikufa kwa wingi na wengine wakahamia nchi za jirani. Mwethya huhitaji mwenyeji wa kuwalisha wafanyakazi; ghala likiwa tupu kabisa, zamu huvunjika. Ithembo nayo huhitaji wazee wanaoijua njia yake. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba dhiki huzaa sanaa. Sahihi zaidi ni kusema kwamba sanaa huishi katika dhiki maadamu ratiba ya watu haijavunjika, na kwamba njaa huua wimbo pale inapowatawanya waitikiaji.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo, waliipa fasihi simulizi nafasi ya heshima. Miaka miwili kabla yake, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikuwa amechapisha mkusanyo wa hadithi za Wakamba. Tangu hapo matini nyingi zimekusanywa. Nyingi, hata hivyo, zimeandikwa bila jembe, bila shimo la maji na bila zamu, kama kwamba wimbo ni maneno matupu.

Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, uliirudisha hoja hii mbele ya wahakiki. Mtafiti anayeingia Kitui au Makueni katika mwaka wa aina hiyo ana wajibu wa kuandika, pamoja na maneno ya wimbo, saa ulipoimbwa, chombo kilichokuwa mkononi, na idadi ya walioitikia. Idadi hiyo ikianza kupungua, ajue kwamba anaishuhudia njaa ikiingia katika fasihi yenyewe.